Jina la Salah katika Kiswahili cha Kigali: Historia Fupi ya Umaarufu wa Mwanasoka wa Misri na Wenzake wa Rika

Ikisiri

Makala haya yanachunguza umaarufu wa mwanasoka wa Misri, Mohamed Salah, ukilinganishwa na ule wa wachezaji wa rika lake, kwa kuutazama kupitia Kiswahili kinachosemwa jijini Kigali. Hoja kuu ni kwamba mabao hulifikisha jina la mchezaji mlangoni mwa jamii, lakini historia ya lugha ndiyo inayoamua kama jina hilo litakaribishwa ndani na kupewa makazi. Ushahidi umetokana na matamshi ya jina lenyewe, lakabu za kurasa na matangazo ya michezo, na mfano wa wachezaji wa Rwanda ambao umaarufu wao ulijengwa kwa Kiswahili nje ya Rwanda. Makala yanahitimishwa kwa mapendekezo kwa watunga sera wa lugha na michezo.

1.0 Utangulizi

Msimu wa 2018/19 wa Ligi Kuu ya England ulimalizika kwa jambo lisilo la kawaida. Tuzo ya mfungaji bora iligawanywa kwa Waafrika watatu, kila mmoja akiwa na mabao 22: Mohamed Salah wa Misri na Sadio Mané wa Senegali, wote wa Liverpool, pamoja na Pierre-Emerick Aubameyang wa Gabon, aliyekuwa Arsenal. Mkononi mwa jezi ya Aubameyang palisomeka jina la Rwanda, kwani mwaka 2018 nchi hii ilikuwa imeingia mkataba na Arsenal wa kuutangaza utalii wake. Msimu huohuo, Meddie Kagere wa timu ya taifa ya Rwanda aliibuka mfungaji bora wa Ligi Kuu ya Tanzania akiichezea Simba. Alifunga mabao 23.

Ligi hizi mbili hazilingani kwa ushindani wala kwa fedha, na makala haya hayakusudii kuzipima kwa mizani moja. Hata hivyo, takwimu hizo zinazua swali la kihistoria. Kama mabao pekee ndiyo yangeleta umaarufu, watu watatu wa kwanza wangekuwa sawa. Kama jina la nchi kwenye jezi ndilo lingeleta umaarufu, Aubameyang angetangulia. Kama uzalendo ndio ungeleta umaarufu, Kagere asingekuwa na mpinzani. Lakini katika viwanja vya mitaa ya Nyamirambo nimemsikia mara nyingi kijana wa mguu wa kushoto, anayeingia ndani akitokea winga ya kulia, akiitwa kwa jina moja tu: "Sala". Jina la mtu limegeuka kuwa jina la namna ya kucheza. Sijasikia hata mara moja mtoto wa mtaani akiitwa Aubameyang kwa namna hiyo.

Makala haya hayahesabu wafuasi wala mauzo ya jezi. Kipimo chake cha umaarufu ni cha kiisimu: jina linachukuliwa kuwa maarufu pale linapotamkwa kwa kanuni za lugha ya mahali, linapopata lakabu, na linapoanza kutumika kwa mtu mwingine asiye mwenye jina. Kwa kipimo hicho, umaarufu una historia ndefu kuliko maisha ya mchezaji.

2.0 Kiswahili, Msikiti na Mpira Kigali

Kigali ilianzishwa kama kituo cha utawala wa Wajerumani mwaka 1907 chini ya Richard Kandt. Kiswahili kilifika na askari, wapagazi na wafanyabiashara waliotoka upande wa pwani na Ziwa Tanganyika, wengi wao wakiwa Waislamu. Msikiti wa Al-Fath, wa mwaka 1913, unahesabiwa kuwa wa kwanza jijini. Wakati wa utawala wa Wabelgiji, ulioanza mwaka 1916, Waislamu na watu wengine waliohesabiwa kuwa wageni walitengewa makazi yao, na makazi hayo yakajulikana kama kambi ya Waswahili. Kwa sababu hiyo, neno "umuswahili" katika Kinyarwanda halikubaki kuwa jina la msemaji wa lugha. Lilimaanisha Mwislamu, na katika vinywa vya wengine likamaanisha mtu wa mjini asiyeaminika.

Historia hiyo iliacha alama katika msamiati. Msikiti huitwa umusigiti, na mpira huitwa umupira. Maneno yote mawili yanaonesha njia yaliyopitia: yalifika katika Kinyarwanda kupitia Kiswahili. Dini ya wageni na mchezo wa wageni vilibebwa na ulimi mmoja. Mtaa wa Nyamirambo, ambako uwanja wa mpira na misikiti vinapakana, ni ushahidi wa ujirani huo hadi leo.

Hali ya kisheria ya Kiswahili ilibadilika baadaye sana. Rwanda ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na mwaka 2017 Kiswahili kikafanywa kuwa lugha rasmi pamoja na Kinyarwanda, Kiingereza na Kifaransa. Mwaka huohuo wa 2017, Salah alihama kutoka Roma kwenda Liverpool. Ni sadfa tu, lakini inamsaidia mtafiti: umaarufu wa Salah na urasmi wa Kiswahili nchini Rwanda ni wa umri mmoja, na tunaweza kuulizana ni kipi kati ya hivyo viwili kilichofika mtaani kwanza.

3.0 Rika la 1992

Kiswahili kina neno rika, ambalo lina uzito kuliko umri peke yake. Wa rika moja huingia katika maisha pamoja na hupimwa pamoja. Salah alizaliwa Juni 1992 katika kijiji cha Nagrig, kwenye delta ya mto Nile. Mané alizaliwa Aprili mwaka huo nchini Senegali, na Mbwana Samatta alizaliwa Desemba jijini Dar es Salaam. Watatu hao ni rika kamili, na kila mmoja amefika mahali ambapo wengi wa taifa lake hawakuwahi kufika.

Rekodi ya Salah inajulikana. Alipitia El Mokawloon, Basel, Chelsea, Fiorentina na Roma kabla ya Liverpool. Katika msimu wake wa kwanza Anfield alifunga mabao 32 ya ligi, rekodi ya wakati huo kwa msimu wa mechi 38. Tarehe 8 Oktoba 2017 penalti yake ya dakika za nyongeza dhidi ya Kongo-Brazzaville iliipeleka Misri kwenye Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza tangu 1990. Alikuwa Mchezaji Bora wa Afrika kwa mwaka 2017 na 2018. Msimu wa 2024/25 alifunga mabao 29 na kutoa pasi 18 za mabao, Liverpool ikitwaa ubingwa, naye akipata kiatu cha dhahabu kwa mara ya nne.

Hata hivyo, Mané hakuwa chini yake katika yale ambayo Afrika huyathamini. Alipata tuzo ileile ya Afrika kwa mwaka 2019 na 2022. Tarehe 6 Februari 2022 Senegali iliifunga Misri kwa penalti mjini Yaoundé na kutwaa Kombe la Mataifa ya Afrika. Mwezi uliofuata ikaizuia Misri kwenda Kombe la Dunia, tena kwa penalti. Salah hajawahi kulinyanyua kombe hilo la Afrika, ingawa Wamisri wa kizazi kilichomtangulia walilibeba mara tatu mfululizo mwaka 2006, 2008 na 2010, Mohamed Aboutrika akiwamo katika mara mbili za kwanza. Ukiwauliza mashabiki wa klabu za Afrika, jina la Aboutrika linaheshimiwa mno. Lakini jina hilo lilibaki kwa wanaofuatilia Al Ahly. Halikushuka kwenye viwanja vya watoto wa Kigali.

Wachezaji wa kanda yetu nao walipata nyakati zao mbele ya Salah. Tarehe 4 Februari 2018 Liverpool na Tottenham zilitoka sare ya 2–2. Salah alifunga yote mawili ya Liverpool, na Mkenya Victor Wanyama akafunga kwa shuti kali la mbali. Novemba 2019 Samatta, akiwa Genk, aliifunga Liverpool kwa kichwa palepale Anfield. Januari 2020 akawa Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya England, katika Aston Villa. Lakini alikaa huko nusu msimu tu, na hapa tunapata sababu ya kwanza ya tofauti: muda. Salah alionekana kwenye skrini za vibanda na baa za Kigali karibu kila wiki kwa misimu minane. Jina linalorudiwa kila Jumamosi hujifunza kutamkwa.

Muda, hata hivyo, hautoshi kumtofautisha Salah na Mané, waliocheza pamoja Liverpool kwa misimu mitano. Dini nayo haitoshi, kwa kuwa wote wawili ni Waislamu na wote husujudu baada ya kufunga. Inatubidi tuligeukie jina lenyewe.

4.0 Ushahidi wa Sauti: Salaha au Sala

Kiswahili kina mazoea ya zamani ya kupokea maneno ya Kiarabu yanayoishia na sauti ya hā ya kooni. Sauti hiyo haikutupwa; iliongezewa irabu ili silabi iwe wazi. Ndivyo neno la Kiarabu silāḥ lilivyokuwa silaha, nikāḥ likawa nikaha, rūḥ likawa roho, na ṣulḥ likawa suluhu. Jina Ṣāliḥ likawa Salehe, na kwa kanuni hiyo hiyo Ṣalāḥ lingetarajiwa kuwa Salaha.

Halikuwa hivyo. Magazeti huandika Salah, lakini vinywa vya watu Kigali, Dar es Salaam na Nairobi husema Sala. Sauti ya mwisho imeanguka. Mwanguko huo si wa Kiarabu wala si wa Kiswahili cha zamani. Ni wa watangazaji wa Kiingereza, ambao lugha yao haitamki h mwishoni mwa neno. Kwa maneno mengine, umbo "Sala" ni hati ya safari. Linatuambia kwamba jina la Mmisri huyu halikutufikia kutoka Cairo bali kutoka Liverpool.

Tofauti hiyo inaonekana wazi zaidi tukikumbuka mwaka 1954, Redio Cairo ilipoanza matangazo yake ya Kiswahili kwa Afrika Mashariki. Wakati huo Misri ilijieleza kwetu kwa lugha yetu, ikizungumzia ukoloni na uhuru. Msikilizaji aliipokea Misri moja kwa moja. Miaka sitini na zaidi baadaye, Mmisri anayejulikana kuliko wote katika kanda hii ametufikia kwa picha za Uingereza na sauti za Kiingereza, na Kiswahili kimelazimika kumpokea kutoka mkono wa pili.

Lakini Kiswahili hakikumpokea kama kilivyoletewa. Mara tu h ilipoanguka, jina lilikutana na neno ambalo lilikuwa nyumbani kwa karne nyingi: sala. Kwa asili, maneno haya hayana uhusiano. Jina la mchezaji linatokana na mzizi uliotupatia maslahi, suluhu na usuluhishi, na maana yake ni wema au utengemavu. Sala, kwa maana ya ibada, inatokana na mzizi mwingine. Msikilizaji wa kawaida hana haja na mizizi. Yeye husikia Sala, kisha humwona mwenye jina akifunga na kuweka paji la uso chini. Jina na tendo vinathibitishana. Mané husujudu vilevile, lakini jina lake halisemi chochote kwa msikilizaji wa Kiswahili, isipokuwa utani wa wachambuzi kwamba Mane akifunga mabao manne hesabu itakuwa imetimia. Aubameyang ndiye aliyekuwa na kazi ngumu zaidi: jina refu linaloishia na konsonanti, ambalo watangazaji wengi walilikata na kubakiza "Auba".

Kwa msemaji wa Kinyarwanda mambo ni mepesi zaidi. Lugha hiyo nayo hupenda silabi wazi, na haizitenganishi l na r kwa maana. Sala hupita kinywani bila kugonga popote. Sisemi kwamba silabi mbili zilizo wazi humfanya mtu awe maarufu. Mabao ndiyo yaliyomfikisha. Ninachosema ni kwamba kati ya majina matatu yaliyofika na mabao 22, moja lilikuta kiti kimekwisha kuwekwa.

5.0 Firauni, Farao na Mfalme

Ugumu ulijitokeza katika lakabu. Wamisri wenyewe huiita timu yao ya taifa kwa jina la wafalme wao wa kale, na mashabiki wa Liverpool wakamwimba Salah kuwa ni mfalme wa Misri. Kwa mwandishi wa Kiingereza hakuna tatizo katika sifa hizo. Kwa mwandishi wa Kiswahili lipo, kwa sababu firauni, neno lililofika kupitia Kurani na simulizi za Nabii Musa, ni tusi. Mtu akiitwa firauni hasifiwi. Anaambiwa kwamba ni mwovu na mwenye kiburi.

Kurasa za michezo zilikwepa mtego huo kwa njia ya kuvutia. Umbo lililoenea zaidi kwa timu ya Misri ni Mafarao, ambalo linafuata tahajia ya Biblia ya Kiswahili, Farao, badala ya umbo la Kurani. Neno la Biblia halikuwa limegeuka kuwa tusi la kila siku, hivyo liliweza kubeba sifa. Hivyo mchezaji Mwislamu anasifiwa kwa umbo la Kikristo la jina la mfalme ambaye dini zote mbili zinamlaani. Hakuna baraza la lugha lililoamua jambo hili. Ni waandishi wa habari, wakiandika kwa haraka baada ya mechi, waliozipima maana na kuchagua. Tukio dogo kama hilo linaonesha kwamba uandishi wa michezo ni karakana halisi ya istilahi.

Kuhusu Uislamu wa Salah, utafiti uliochapishwa mwaka 2021 katika jarida kuu la sayansi ya siasa la Marekani ulionesha kwamba uhalifu wa chuki katika eneo la Merseyside, nyumbani kwa Liverpool, ulipungua kwa asilimia 16 baada ya yeye kujiunga na klabu, ikilinganishwa na hali iliyotarajiwa bila yeye. Ni matokeo muhimu, lakini hayahamishiki Kigali bila tahadhari. Huko, Salah alikuwa kwa wengi Mwislamu wa kwanza waliyemfahamu kwa karibu. Kigali, Mwislamu ni jirani wa zaidi ya karne moja. Alichokifanya Salah hapa si kumtambulisha Mwislamu. Ni kulifanya neno la Kiswahili lenye harufu ya msikiti litamkwe kwa furaha na watu wote, Wakristo kwa Waislamu, katika mji ambao neno "umuswahili" liliwahi kuwa njia ya kumtenga mtu.

6.0 Umaarufu Uliojengwa kwa Kiswahili: Niyonzima na Kagere

Hadi hapa tumemzungumzia mgeni aliyepokelewa. Swali zito zaidi linawahusu wenyeji. Haruna Niyonzima aliondoka APR ya Kigali mwaka 2011 na kujiunga na Yanga ya Dar es Salaam. Huko, pasi zake zilimpatia lakabu ya Fabregas, jina la kiungo Mhispania aliyepata umaarufu akiwa Arsenal. Kagere alitoka Gor Mahia ya Nairobi mwaka 2018 na kujiunga na Simba, ambako lakabu ya MK14 ilijulikana kwa kila shabiki. Tarehe 12 Februari 2019 alifunga bao pekee lililoiangusha Al Ahly ya Misri jijini Dar es Salaam, siku kumi tu baada ya Simba kufungwa 5–0 Misri.

Tulitazame tukio hilo kwa makini. Mshambuliaji wa Rwanda aliifunga klabu kubwa kuliko zote za Misri, mbele ya uwanja uliojaa, katika matangazo yaliyosikika kwa Kiswahili. Kwa msikilizaji wa Tanzania, Kagere siku hiyo alikuwa mkubwa kuliko Salah. Nyumbani Rwanda, habari ilifika kwa Kinyarwanda, ikiwa imetafsiriwa na kupoteza vionjo: bila lakabu, bila mbwembwe za mtangazaji, bila utani wa watani wa jadi. Ilifika ikiwa matokeo, haikufika ikiwa simulizi.

Hapa ndipo linapoonekana pengo la sera. Rwanda ililipeleka jina lake kwa mikataba na klabu za Arsenal mwaka 2018, Paris Saint-Germain mwaka 2019 na Bayern Munich mwaka 2023. Malengo ya mikataba hiyo ni utalii, na yahukumiwe kwa kigezo cha utalii. Lakini kama lengo ni Mnyarwanda ajulikane kwa jirani yake, na jirani ajulikane kwa Mnyarwanda, jezi ya London haiwezi kuifanya kazi hiyo. Kazi hiyo ilifanywa na watangazaji wa Kiswahili wa Dar es Salaam, tena bila mkataba wowote na Kigali.

7.0 Hitimisho na Mapendekezo

Makala yameonesha kwamba Salah anawazidi wenzake wa rika katika Kiswahili cha Kigali kwa sababu tatu zilizoshikana: muda mrefu wa kuonekana, mabao, na jina ambalo historia ya lugha ilikuwa imeliandalia nafasi. Mané aliyemshinda uwanjani mwaka 2022, Aubameyang aliyelivaa jina la Rwanda, na Kagere aliyezidi mabao yao wote kwa hesabu ya msimu mmoja, walikosa walau moja ya sababu hizo.

Yanafuata mapendekezo matatu. Kwanza, mashindano ya klabu bingwa ya Afrika Mashariki na Kati, yanayojulikana kama Kombe la Kagame tangu 2002, yatangazwe nchini Rwanda kwa Kiswahili sambamba na Kinyarwanda. Kijana asiyefungua kitabu cha sarufi atasikiliza dakika tisini. Pili, vyuo vya kanda vianze kurekodi na kuhifadhi matangazo ya michezo ya Kiswahili. Maamuzi kama lile la Farao na firauni hufanywa hewani kila wiki, na yasiporekodiwa hupotea. Tatu, vitabu vya Kiswahili vya shule za Rwanda viwatumie Niyonzima, Kagere, Samatta na Wanyama katika mazoezi ya ufahamu, ili mwanafunzi akutane na lugha hii mahali ambapo tayari ina watu anaowajua.

Kiswahili kilipewa hadhi rasmi Kigali mwaka 2017 kwa sheria. Mwaka huohuo kilipewa neno jipya la zamani na mtu ambaye hajui kukisema. Watoto wa Nyamirambo hawakusubiri sheria ili kulitamka. Wajibu wetu ni kuhakikisha kwamba siku mtoto wa Nyamirambo mwenyewe atakapofunga, atakuwapo mtu wa kulitangaza jina lake kwa lugha ambayo Dar es Salaam, Bujumbura, Goma na Mombasa zitaielewa.